Ukoga Mmoja, Fizi Tofauti: Maisha ya Utafiti ya Harald Löe na Swali Alilotuachia

 

Mwaka 1985, katika mashamba ya chai ya Sri Lanka, watafiti walikamilisha duru nyingine ya kuwapima wanaume waliokuwa wakiwafuatilia tangu 1970. Walikuwa vibarua wa shamba, wenye miili yenye afya. Mswaki hawakuutumia, dawa ya meno hawakuwa nayo, na hapakuwa na daktari wa meno wa kumwendea. Meno yao yalifunikwa na ukoga, ugaga (ukoga uliogeuka kuwa mgumu) na madoa. Karibu kila ufizi uliotazamwa ulikuwa umevimba. Kwa macho ya daktari aliyepita siku moja tu, watu hao wote walikuwa na ugonjwa mmoja. Kwa macho ya waliorudi mara kwa mara katika miaka hiyo wakiwa na kipimo mkononi, wapo waliofika miaka 45 wakiwa karibu hawajapoteza mshiko wowote kati ya jino na ufizi, na wapo wa umri huohuo ambao hawakubakiwa na jino hata moja.

Nimeomba nafasi ya kuzungumza juu ya tofauti hiyo, na juu ya mtu aliyeiweka wazi. Anaitwa Harald Löe, mzaliwa wa Steinkjer nchini Norwei mwaka 1926, aliyefariki 2008. Mimi nafundisha mikrobiolojia ya kinywa, na mgeuko mkubwa katika taaluma yangu ulitokana na mtu aliyetumia muda wake mwingi akiwatazama watu, huku hadubini ikimsaidia pale ilipohitajika. Vijana wanaoingia maabara zetu leo wakidhani kila jibu liko ndani ya mashine ya kusoma DNA wanahitaji kuisikia habari hii.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Jino halikupandwa kwenye mfupa wa taya kama msumari ndani ya ubao. Linashikwa na nyuzi ndogo sana zinazotoka kwenye mzizi kwenda kwenye mfupa, na ufizi hulizunguka shingoni na kuufunga mlango. Ukoga ukikaa hapo mlangoni siku kadhaa, ufizi huvimba, huwa mwekundu na hutoka damu ukiguswa. Huo ni uvimbe wa fizi, na hupona kabisa. Hatua ya pili ni nzito zaidi. Mlango hufunguka, kijifuko huchimbika kati ya ufizi na mzizi, nyuzi huachia, mfupa huliwa, jino hulegea. Mfupa uliokwenda haurudi kirahisi. Na yote haya, mara nyingi, bila maumivu. Ndiyo maana mgonjwa hutufikia akiwa ameshika jino linalocheza, akiomba ling'olewe, wakati safari ilianza miaka 20 nyuma.

Löe alipohitimu Oslo mwaka 1952, chanzo cha ugonjwa huu kilikuwa mabishano. Wengine walitaja uzee, wengine upungufu wa vitamini, wengine meno yasiyokutana sawasawa wakati wa kutafuna. Bakteria walijulikana, tena kwa muda mrefu. Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, aliwaona kwenye ukoga wa meno yake mwenyewe na kuiandikia Royal Society ya London mwaka 1683. Lakini kuwaona bakteria mahali palipo na ugonjwa hakuthibitishi kwamba wao ndio waliouleta. Huenda walifika baadaye, wakafuata chakula.

Hatua ya kwanza ya Löe ilikuwa ya kawaida kiasi kwamba wengi huiruka. Alitengeneza kipimo. Pamoja na John Silness alichapisha, mwaka 1963 na 1964, alama za kuupima ufizi na alama za kuupima ukoga, kuanzia 0 hadi 3. Ufizi wenye afya ni 0. Uliobadilika rangi kidogo bila kutoka damu ni 1. Mwekundu, uliovimba, unaotoka damu ukiguswa ni 2. Unaotoka damu wenyewe ni 3. Basi. Kabla ya hapo daktari mmoja alisema fizi "mbaya kiasi", mwingine akasema "mbaya", na hakuna aliyejua kama walizungumzia kitu kimoja. Wanafunzi wangu hunisikia nikisisitiza alama hizi hadi wanachoka. Nazisisitiza kwa sababu bila hizo, yote nitakayosema baada ya hapa yasingewezekana.

Jaribio lililomfanya ajulikane duniani lilifanyika Aarhus, Denmaki, na kuchapishwa 1965 pamoja na Else Theilade na Børglum Jensen. Walichukua watu 12 wenye fizi safi: wanafunzi 9 wa mwaka wa kwanza wa udaktari wa meno, mwalimu mmoja na mafundi wawili wa maabara. Wakawaomba waache kusafisha meno. Hilo tu. Hawakupewa sukari ya ziada, hawakupakwa bakteria wa kigeni. Ukoga ukajikusanya, na kati ya siku ya 10 na ya 21 kila mmoja wao alikuwa na uvimbe wa fizi. Hakusalimika hata mmoja. Kisha wakarudishiwa miswaki, ukoga ukaondoka, na kwa muda wa kama wiki moja fizi zikarudi kuwa kama zilivyokuwa.

Hebu tuliangalie jaribio hili kwa utulivu, maana uzuri wake uko katika kurudi kule. Kama wangeishia kwenye uvimbe, mtu angeweza kudai kwamba ni hali ya hewa, ni chakula cha chuoni, ni wasiwasi wa mitihani. Lakini ukoga ulipokuja uvimbe ulikuja, na ukoga ulipoondoka uvimbe uliondoka, katika vinywa vyote 12. Chanzo kilionekana kikiingia na kutoka.

Theilade aliutazama ukoga huo chini ya hadubini siku baada ya siku, na kwangu mimi hapa ndipo panapovutia zaidi. Mwanzoni palikuwa na bakteria wachache, wa duara na vijiti vifupi, wale wanaokaa kwenye jino la mtu yeyote mwenye afya. Baada ya siku 2 hadi 4 wakaingia wenye umbo la nyuzi na wale warefu waliochongoka ncha. Baadaye, katika kipindi cha kati ya siku ya 4 na ya 9, wakatokea wenye kujipinda na kujisokota, wanaokimbia ovyo ndani ya tone la maji. Hawakutoka nje. Walikuwamo kinywani tangu mwanzo, kwa idadi ndogo, wakisubiri mazingira. Waliotangulia walitumia oksijeni yote iliyokuwa ndani ya ukoga, na waliofuata ni wale ambao oksijeni huwaua. Kwa hiyo uvimbe wa fizi unatofautiana na kipindupindu, kinacholetwa na kimelea mmoja aliyeingia kwa maji machafu. Jamii ileile ya bakteria ndiyo iliyobadilika muundo kwa sababu iliachwa bila kusumbuliwa.

Mwaka 1970 Löe na Schiött wakaonyesha upande wa pili wa hoja. Watu waliacha mswaki lakini walisukutua kwa mililita 10 za klorheksidini ya asilimia 0.2, asubuhi na jioni. Ukoga haukujengeka, fizi hazikuvimba. Dawa hiyo iko kwenye maduka yetu ya dawa mpaka leo. Huacha madoa ya kahawia kwenye meno na kuharibu ladha ya chakula ikitumika kwa muda mrefu, kwa hiyo haichukui nafasi ya mswaki.

Sasa likaja swali ambalo watu 12 wa Aarhus wasingeweza kulijibu. Je, kila uvimbe wa fizi hatimaye hula mfupa? Madaktari wengi waliamini hivyo, na kampeni za afya ya kinywa zilijengwa juu ya imani hiyo. Ili kujua, unahitaji watu ambao ugonjwa umeachwa ujiendee, na unahitaji miaka. Löe aliwafuatilia wanafunzi na wasomi wa Oslo kuanzia 1969, watu waliotunzwa meno tangu utotoni. Mwaka uliofuata alianza na vibarua 480 wa chai kule Sri Lanka.

Matokeo yalichapishwa 1986. Asilimia 8 ya vibarua walikwenda kwa kasi ya kutisha: walianza kupoteza meno wakiwa na umri wa miaka 20, walipofika 35 walikuwa wamepoteza 12, walipofika 40 walikuwa wamepoteza 20, na walipofika 45 yalikuwa yamekwisha. Asilimia 81 walikwenda polepole. Asilimia 11 hawakwenda popote zaidi ya uvimbe wa fizi. Ukoga ulikuwa mwingi kwa wote. Meno yaliyooza yalikuwa karibu hayapo, kwa hiyo mtu hawezi kusema yaling'olewa kwa ajili ya matundu.

Nataka niseme jambo kuhusu utafiti huo ambalo vitabu vyetu vya kiada hulipita haraka. Vibarua wale hawakuwa wamechagua kuishi bila daktari wa meno. Umaskini na mpangilio wa mashamba ndio uliowafanya wafae kwa utafiti. Wasomi wa Oslo walifuatiliwa wakitibiwa, na vibarua wakafuatiliwa wakiwa hawana huduma. Leo kamati yoyote ya maadili ya utafiti, ikiwamo ya chuo hiki, ingeuliza swali moja kabla ya mengine yote: mkimwona kijana wa miaka 20 ambaye mfupa wake unaliwa, mtamfanyia nini? Naheshimu sana elimu iliyotoka pale. Naitumia kila wiki. Kwa sababu hiyohiyo naona ni wajibu kusema ilipatikana kutoka vinywani mwa nani, na kwa gharama gani. Watafiti walirudi tena miaka 40 baada ya kuanza, wakawakuta 75 tu kati ya wale 480. Katika hesabu zao, aliyekuwa na miaka 30 akiwa amepoteza wastani wa chini ya milimita 1.81 za mshiko alielekea zaidi kufika miaka 60 akiwa na meno yasiyopungua 20. Habari hiyo ni ya thamani kubwa kwa daktari aliyekaa na mgonjwa wa miaka 30 leo hii, hapa kwetu.

Wakati Löe akihesabu milimita, wenzangu wa maabara walikuwa wakimtafuta mhalifu. Aliyeongoza msako huo ni Sigmund Socransky, mzaliwa wa Toronto, katika taasisi ya Forsyth mjini Boston, akiwa na Anne Haffajee. Kazi ilikuwa ngumu kuliko inavyosikika. Kinywani mwa wanadamu kumetambuliwa aina zaidi ya 700 za bakteria, na wengi hawataki kuota kwenye sahani ya maabara. Mmoja, ambaye leo anaitwa Tannerella forsythia, aliwasumbua kwa miaka. Alikua kwa tabu mpaka awekwe jirani na bakteria wengine, na baadaye ikajulikana kwamba hawezi kujitengenezea mojawapo ya malighafi za ukuta wake, huipokea kwa majirani. Nusu ya jina lake ni heshima kwa Anne Tanner aliyemchunguza, na nusu nyingine ni ya taasisi. Katika miaka ya 1990 kundi la Socransky likabuni njia ya kutambua aina 40 kwa DNA, sampuli nyingi kwa mara moja, na mwaka 1998 wakachapisha matokeo ya sampuli zaidi ya 13,000 kutoka kwa watu 185. Bakteria walijipanga kwa makundi. Kundi walilolipa rangi nyekundu lilikuwa na watatu: Porphyromonas gingivalis, Treponema denticola na huyo Tannerella. Watatu hao walionekana pamoja, kwenye vijifuko vyenye kina, mahali panapotoka damu.

Damu yenyewe ina sehemu yake. P. gingivalis anahitaji madini ya chuma, na huyapata kutoka kwenye damu. Ana vimeng'enya vya kukata protini ambavyo huwasha uvimbe, uvimbe huleta damu, damu humlisha. Askari wa kinga ya mwili wanaokimbilia pale huchelewa kumwua lakini huendelea kumwaga silaha zao, na mfupa huliwa na seli za mwili wenyewe. Mwaka 2011 George Hajishengallis na wenzake walionyesha kwa panya kwamba bakteria huyu, hata akiwa chini ya sehemu moja kwa elfu kumi ya jamii nzima, anatosha kuivuruga jamii yote mpaka mfupa uliwe. Panya wasio na bakteria wengine wowote, wakipewa yeye peke yake, mfupa wao haukuliwa. Peke yake hafanyi kitu.

Sasa rudini kwa yule kibarua wa Sri Lanka aliye katika ile asilimia 11. Je, hakuwa na bakteria hao? Jibu tunalipata karibu na nyumbani. Miaka ya 1980, Ole Fejerskov na Vibeke Baelum kutoka Denmaki, pamoja na Firoze Manji, daktari wa meno Mkenya, waliwapima watu 1,131 wa umri wa miaka 15 hadi 65 wilayani Machakos. Kabla ya hapo Baelum na Fejerskov walikuwa wameripoti juu ya watu wazima wa Tanzania. Walichokikuta Machakos kiliwashangaza waliozoea kusikia kwamba Mwafrika wa kijijini, asiye na mswaki wa dukani, lazima atapoteza meno kwa ugonjwa wa fizi. Ukoga ulikuwa mwingi, ugaga mwingi, uvimbe kila mahali. Vijifuko vyenye kina cha milimita 4 na zaidi vilikuwa chini ya asilimia 20 ya sehemu zilizopimwa, na uharibifu mkubwa ulilundikana kwa watu wachache. Waliandika wazi mwaka 1988 kwamba uharibifu wa mfupa usichukuliwe kuwa mwisho usioepukika wa uvimbe wa fizi. Sampuli za ukoga zilipochunguzwa, bakteria walioshukiwa walikuwa wameenea hata kwa watu wasio na ugonjwa mzito.

Nasimama hapa kwa sababu kwa muda mrefu tulifundishwa kujiona kupitia takwimu za watu wengine. Wakamba wa Machakos walitoa ushahidi uliorekebisha fikra za ulimwengu mzima kuhusu ugonjwa huu, na sehemu kubwa ya wanafunzi wetu humaliza shahada bila kulisikia jina la wilaya hiyo darasani.

Isidhaniwe kwamba bakteria hawana tofauti kati yao. Zipo koo ndani ya aina moja. Ukoo mmoja wa bakteria aitwaye Aggregatibacter actinomycetemcomitans, uitwao JP2, umepoteza kipande kidogo cha DNA, herufi 530 tu, na kwa sababu hiyo humwaga kwa wingi sumu inayoua chembe nyeupe za damu. Dorte Haubek wa Aarhus na wenzake waliwafuatilia kwa miaka 2 wanafunzi wa shule huko Rabat, Moroko, na mwaka 2008 wakaripoti kwamba waliobeba ukoo huu peke yake walikuwa katika hatari ya kupoteza mshiko wa meno mara 18 zaidi ya wasiokuwa na bakteria huyo. Ukoo huo umeonekana sana kaskazini na magharibi ya Afrika, na watafiti wanaamini ulifika Amerika pamoja na watu waliosafirishwa utumwani. Kwa hiyo kwa baadhi ya vijana bakteria ana uzito mkubwa. Kwa wengi, uzito uko upande wa mwili unaompokea.

Na mwili huo Löe hakuusahau. Alihamia Marekani miaka ya 1970, na kuanzia 1983 hadi 1994 aliongoza taasisi ya taifa ya utafiti wa meno ya nchi hiyo. Mwaka 1993 aliandika makala iliyoutaja ugonjwa wa fizi kuwa tatizo la sita litokanalo na kisukari, baada ya yale ya macho, figo, neva, mishipa mikubwa na vidonda kutopona. Leo tunajua njia ni ya pande mbili: sukari isiyodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi, na fizi zenye usaha huifanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba ugonjwa mkali wa fizi unawagusa watu wazima zaidi ya bilioni moja. Katika hospitali zetu nyingi kliniki ya kisukari iko jengo moja na kliniki ya meno iko jengo jingine, na mgonjwa hupewa miadi kwa siku tofauti. Muuguzi wa kisukari akimwuliza mgonjwa kama fizi zake hutoka damu, na akimpeleka siku hiyohiyo, tutakuwa tumefanya jambo ambalo halihitaji mashine mpya hata moja.

Kwa upande wa utafiti, ombi langu kwa chuo ni moja. Tuanzishe ufuatiliaji wetu wenyewe wa vijana, mjini na kijijini, wenye muda wa miaka mingi kama ule wa Sri Lanka, na tuubadilishe pale ulipokosea: kila anayepimwa apate huduma ya kusafishwa ugaga, na anayeonyesha kasi atibiwe mara moja. Watu watauliza tutaujuaje mwenendo wa ugonjwa tukiwa tunautibu. Ule mwenendo wa asili tumeshaujua, uliandikwa kwa vinywa vya watu ambao hawakuwa na chaguo. Tusichokijua ni nani hasa hapa kwetu yuko katika ile asilimia ndogo inayokwenda kasi, na anaweza kutambuliwa akiwa na umri gani. Vifaa vya kuanzia ni kijiti chenye alama za milimita, kioo cha kinywa, friji ya kutunza sampuli za ukoga na mate, kipimo cha sukari, na daftari la majina litakalotunzwa kwa siri hata baada ya sisi kustaafu. Idara yangu ina vinne vya kwanza. Cha tano kinahitaji uamuzi wa Baraza la Chuo, kwa kuwa daftari la miaka 40 haliwezi kuwa mali ya mtafiti mmoja.